Noti ya Kurudi

Tulikuwa na reali mia moja na tisini,
soksi moja ya kuziwekea,
na Dalvanira, aliyejiteua mweka hazina
kwa sababu, alisema, mkono wangu una tundu.

Tumetoka bara, kiwandani, kwenye gundi na soli:
miaka sita tumevalisha miguu ya watu
na yetu haijakanyaga bahari.
Siku ya kwanza nilichovya kidole majini
kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani,
nikasema: kweli, chumvi wamezidisha.
Dalva akacheka mpaka begi likamwangusha.

Toka Maragogi tukashika njia ya kusini,
minazi kuume, maji kushoto,
naye akitangaza sheria huku anatembea:
hatupandi gari pale miguu inapofika,
hatununui nazi iliyokwisha kuanguka yenyewe,
samaki wa hotelini tutamla kwa pua.
Na tukamla, jioni, nje ya ukuta wao,
kwa mkate na ndizi mbili,
Dalva amefumba macho, ananiuliza:
"Wako ametiwa ndimu?"

Hema tuliazima kwa binamu yake Edilson.
Zipu yake iligoma,
lilinuka mbwa asiyekuwepo.
Mvua ya usiku wa pili iliingia bila hodi.

Asubuhi Dona Zulmira akatukuta tumeanika kila kitu
kwenye ua wake, hata zile noti,
zimebanwa kambani kama nepi za kichanga.
Hakuuliza. Alisukuma beseni la kome
na visu viwili.
Tukabandua kome hadi vidole vikanyauka,
malipo yakiwa sakafu kavu,
supu ambayo hadi leo nikishikwa na homa naitaja,
na wavu mmoja wa kulalia, watu wawili:
miguu yake puani mwangu, yangu puani mwake.

Ugomvi ulitungoja mtoni.
Genivaldo, mwenye mtumbwi, alitaka reali nane.
Soksi ikatoa sarafu tatu, ikatoa mchanga,
ikaishia hapo.
Dalva akainama kufunga kiatu,
nami nikauona, kwenye pindo la kaptura yake,
uzi mwekundu uliotiwa kwa mkono,
na chini ya uzi, kona ya noti ya hamsini.

Nilisema maneno.
Nilitaja nusu ya chapati ya muhogo
niliyomwachia juzi na njaa yangu.
Nilitaja miaka sita. Nilisema mchoyo.
Genivaldo akajifanya anakagua kasia.

Dalva hakupandisha sauti.
"Mama alikwenda São Paulo na nauli ya kwenda.
Kila Krismasi alikuwa karibu kuipata ya kurudi.
Nilikuwa na miaka saba. Sasa nina thelathini na moja.
Hii si hela. Hii ni mlango.
Iguse, nikutupe mtoni na begi lako."

Genivaldo akakohoa.
Akasema, kama anayesema na kasia,
kwamba maji yanakupwa,
kwamba baada ya saa mbili mto utafika kiunoni,
wapo wanaovuka bure, mizigo kichwani.
Hakulazimika kutuambia.
Zilikuwa reali nane zake.

Tukangoja. Sikuomba radhi.
Nilimenya ndizi ya mwisho, nikampa yote,
naye akaivunja bila kunitazama
akanirudishia kipande kikubwa.

Kiunoni kwa Genivaldo, mtu mrefu,
ni kifuani kwa wengine.
Katikati ya mto Dalva akasimama,
akanikabidhi begi lake,
akavua kaptura humo humo majini,
akaizungusha kichwani kama kilemba,
noti usawa wa sikio.

Hivyo ndivyo tulivyovuka,
mimi na mabegi mawili, shingo imezama mabegani,
yeye mbele, na mlango wake kichwani.
Ng'ambo, mzee mmoja mvua kaa
alituamkia kwa adabu zote,
akarudi kwenye matope yake.